Sakiti za umeme Darasa la Tano: wanafunzi 68, vishikwambi vitano. Nipange vipi?

mwl_darasa5

Habari za kazi, walimu wenzangu. Mada ya umeme inakaribia na nataka watoto waunge sakiti kwa mikono yao, si kunakili mchoro ubaoni na kuukariri. Hali iko hivi: mkondo mmoja wa darasa una wanafunzi 68, umeme uko ofisini tu, darasani hakuna soketi hata moja. Vile vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, naweza kuazima vitano kwa siku. Kompyuta mpakato ni moja, ya ofisi. Intaneti ni bando la simu. Vipindi viwili vimeungana, dakika 80 kwa wiki, na mada nimeipangia wiki tatu.

Naomba msaada kwenye haya:

Ninunue balbu za tochi au LED (vile vijitaa vidogo visivyo na uzi ndani)? Vifaa kiasi gani ili kila mtoto aguse, si wawili wafanye na wengine sita watazame? Vishikwambi viingie saa ngapi, mwanzo au mwisho? Na lile jaribio la kuwasha taa kwa limau, linafanya kazi kweli au ni la kwenye picha tu?

Fedha zipo kidogo, kwa hiyo nikinunua kitu kisichofaa sina pa kurudia.

---

fundi_sayansi

Mwalimu, kwa mada hii nunua balbu za tochi, zile zenye uzi ndani. Balbu haina upande wa chanya wala hasi, na mwanga wake unapanda na kushuka kadiri mkondo unavyobadilika, kwa hiyo mtoto anaona kwa macho tofauti ya sakiti mfuatano (balbu zote njia moja) na sakiti sambamba (kila balbu njia yake). LED ina uzuri wake lakini iweke wiki ya tatu.

Wanafunzi 68 ni vikundi 17 vya wanne. Usizidishe wanne, maana mtoto wa tano hana pa kuweka mkono. Kila kikundi kipate betri 2 kubwa za D (zile za redio, volti 1.5), balbu 2 za volti 2.5 na amperi 0.3, vipande 6 vya waya vya sentimita 25, kibanio kimoja cha nguo na swichi moja ya kutengeneza. Jumla ni betri 34 na balbu 34. Ongeza betri 4 na balbu 6 za akiba.

Waya usinunue ule wa kuunganishia nyumba, ni mgumu na ghali. Omba ukatiwe mita 4 za kebo ya mtandao wa kompyuta. Ndani yake mna nyaya 8, kwa hiyo mita 4 zinakupa mita 32, na wewe unahitaji mita 25 na nusu tu. Kabla ya kulipa, kwaruza waya mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na ukiikunja mara chache inakatika. Iache. Ganda limenye kwa kikata kucha, sentimita 2 kila ncha, wala usimenye nusu sentimita kwa sababu kidole cha mtoto hakitaweza kuishikiza. Usichome ganda kwa kiberiti, moshi wake ni mbaya na waya unabaki na masizi yanayozuia mguso.

Kishikio cha betri: kata manila sentimita 11.5 kwa 20, viringisha juu ya betri mbili zilizofuatana, funga kwa selotepu. Kipimo hicho cha 11.5 kina sababu. Betri mbili za D zikifuatana zina urefu wa karibu sentimita 12.3, na manila ikizidi hapo ncha za betri zinazama ndani, waya haugusi. Kila mwisho weka foili iliyokunjwa mara nne pamoja na ncha ya waya, kisha kaza yote kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli wenye upana wa sentimita 2, uzunguke kwa urefu kutoka mwisho hadi mwisho. Rababendi za ofisini zinalegea, tyubu inabana kweli.

Kishikio cha balbu ndipo vikundi vingi hukwama. Balbu ina sehemu mbili za kugusa: kitako chenye skrubu pembeni, na nukta ya risasi chini kabisa. Waya wa kwanza uzungushwe mara mbili kwenye skrubu na kusokotwa. Wa pili ukunjwe duara dogo, ubandikwe kwa selotepu kwenye kipande cha boksi, na nukta ya chini ikalie juu yake. Kibanio cha nguo kishike shingo ya balbu. Mkia wa waya wa kwanza ukining'inia hadi ukagusa duara la chini, hapo umepata shoti: balbu haiwaki, waya unapata joto, betri zinakwisha. Wafundishe watoto kauli moja tu ya usalama: waya ukiwa wa moto, tenganisha kwanza, uliza baadaye.

Swichi ni kipande cha boksi, pini mbili za ubao za chuma kitupu na klipu moja ya karatasi. Klipu za rangi zimevikwa plastiki, hazipitishi kitu mpaka uzisugue kwa msasa. Hili peke yake linaweza kukulia robo saa ya kipindi usipolijua mapema.

Jioni ya siku iliyotangulia pima balbu zote 40 kwa betri moja. Zihifadhi kwenye trei za mayai, kila balbu tundu lake. Trei moja ina matundu 30, kwa hiyo unahitaji mbili, na mwisho wa kipindi tundu tupu linaonekana bila kuhesabu.

Sasa kipindi chenyewe. Usianze na swichi wala vishikio. Kila kikundi kipe betri moja, balbu moja, waya mmoja, na amri moja: iwasheni. Wengi wataweka nukta ya balbu kwenye betri na kugusa waya kwenye kioo, au wataunganisha waya kwenye nukta ileile. Waache dakika kumi, usiwape jibu. Kikundi kimoja kitafanikiwa na habari itasambaa. Hapo ndipo waliokosa wanagundua wenyewe kwamba balbu ina milango miwili na umeme lazima uingie mmoja utokee mwingine. Kwa betri moja mwanga utakuwa hafifu, mwekundu kidogo, kwa hiyo funga madirisha ya upande wa jua.

Kazi nyingine tatu: betri mbili na swichi; balbu mbili mfuatano; balbu mbili sambamba. Kazi nne, watoto wanne. Kila kazi ina mjenzi mmoja tu anayegusa, mkaguzi anayefuata waya kwa kidole kutoka chanya hadi hasi, mchoraji, na mtunza vifaa. Kazi ikibadilika, vyeo vinazunguka. Ukitoa dakika 12 hadi 14 kwa kila kazi, zinabaki dakika za kutosha kurudisha vifaa.

Kuna jambo moja la balbu nataka ulishike. Balbu mbili zilizoandikwa namba tofauti, mfano moja 2.5 V na nyingine 3.8 V, zikifungwa mfuatano hazitalingana mwanga. Mtoto ataona ya kwanza inang'aa, ya pili imefifia, na atahitimisha kwamba balbu ya kwanza "imekula" umeme. Wazo hilo likishaingia kulitoa ni kazi kubwa. Dawa yake: nunua balbu zote kutoka boksi moja, soma maandishi ya kitakoni, na ikitokea tofauti waambie wabadilishane nafasi. Wataona balbu hafifu inabaki hafifu hata ikiwekwa mbele.

---

bi_nukta

Nakubaliana na fundi_sayansi kwa mengi, ila balbu za uzi zinazidi kuadimika madukani. Tochi karibu zote sasa ni LED. Mwalimu akizikosa asisimamishe mada.

Kwa LED: chukua nyekundu za milimita 5, rizista (vifaa vidogo vya kupunguza mkondo) za ohmu 100 (mistari kahawia, nyeusi, kahawia) na betri mbili ndogo za AA kwa kila kikundi. LED nyekundu inachukua takriban volti 2, betri mbili zinatoa 3, inabaki volti 1 kwenye rizista, kwa hiyo mkondo ni kama miliamperi 10. Balbu ya tochi inanyonya miliamperi 300. Ndiyo maana kwa LED betri ndogo zinatosha na zinadumu muhula mzima, ilhali kwa balbu zitachoka upesi.

Rizista isokote kwenye mguu mrefu wa LED wewe mwenyewe kabla ya kipindi, uzungushie selotepu, isitoke tena. Ukiwaachia watoto, kuna atakayeirukia na kufunga LED moja kwa moja kwenye volti 3. Itang'aa sana kisha itapoteza mwanga au kufa kabisa. Mguu mrefu ni chanya. Miguu ikishakatwa, tazama ukingo wa kichwa cha LED: upande uliochongwa bapa ni hasi. LED ikifungwa kinyume haiharibiki kwa volti 3, haiwaki tu, kwa hiyo waruhusu wageuze wajionee.

Shida iko kwenye mfuatano. LED nyekundu mbili zinahitaji karibu volti 4. Kwa betri mbili hazitawaka hata moja, na darasa zima litatafuta waya uliokatika ambao haupo. Kwa somo hilo unganisha vikundi viwili viwili ili wapate betri nne: volti 6, LED mbili, kila moja na rizista yake ya ohmu 100.

Usichanganye rangi kwenye sambamba yenye rizista moja. Nyekundu inashikilia volti kwenye 2, nyeupe inataka karibu 3, basi nyeupe itabaki giza ingawa ni nzima. Kila LED na rizista yake, au rangi moja tu.

---

kishikwambi_shuleni

Kuhusu vishikwambi, jibu langu ni: viingie wiki ya pili, baada ya mikono kuchafuka. Mtoto ambaye hajashika betri akianza na skrini atajifunza kuburuta picha. Aliyeshika atatumia skrini kuuliza kitu ambacho balbu haiwezi kumwonyesha, yaani kinachotembea ndani ya waya.

Kinachofaa ni maigizo ya PhET, yaani majaribio ya kuigiza kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni bure. Linaloitwa Circuit Construction Kit: DC ndilo la mada hii. Kwenye tovuti yao kila igizo lina kitufe cha kupakua. Linashuka kama faili moja la HTML. Lipakue mara moja kwa bando la simu, lihamishe kwa kadi ya kumbukumbu au Bluetooth kwenda kwenye vishikwambi vyote vitano, na baada ya hapo intaneti haihitajiki tena. Baadhi ya maigizo yao yametafsiriwa kwa Kiswahili, kwa hiyo angalia orodha ya lugha kabla hujapakua.

Kosa la kawaida: ukigusa faili, kishikwambi kinaweza kulifungua kwa programu yake ya kusomea HTML na skrini ikabaki nyeupe. Faili si bovu. Chagua "fungua kwa" kisha Chrome. Lijaribu kwenye kila kishikwambi ofisini, si darasani.

Kabla ya kuwapa watoto, rekebisha mambo mawili. Betri ya igizo inaanzia volti 9. Iguse, shusha mpaka 3 ili ifanane na walizoshika. Pia kuna chaguo la kuonyesha elektroni au mkondo wa kawaida wenye mishale. Elektroni zinatoka hasi kwenda chanya, mishale inatoka chanya kwenda hasi. Kwa Darasa la Tano chagua mishale na ukae nayo, usiwaonyeshe zote mbili siku moja.

Sasa swali la kuwapa ni lile la fundi_sayansi: je, balbu ya kwanza inakula umeme? Wafunge balbu mbili mfuatano, waweke kipima mkondo kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Kwa volti 3 na balbu za ohmu 10 kila moja, watasoma amperi 0.15 mahali pote patatu. Hili kwa vifaa halisi lingehitaji vipima mkondo 17. Skrini hapa inalipa.

Igizo pia linaonyesha moto ukipiga shoti. Watoto watalifanya hilo kabla ya kitu kingine chochote, hivyo lianze wewe kwa makusudi, waeleze kilichotokea, kisha mwendelee.

Mgao: vishikwambi vitano kwa vikundi 17 haviwezi kwenda sambamba. Vikundi vitano viwe kwenye skrini, 12 viendelee na betri na balbu, kwa zamu nne za dakika 18. Zamu ya mwisho ina vikundi viwili tu, nayo ndiyo nafasi ya kuwarudisha waliokosa. Fungia programu kwenye skrini kwa kipengele cha Android cha kubandika programu (kiko kwenye mipangilio ya usalama), la sivyo dakika ya tatu utakuta kamera imefunguliwa. Mwangaza wa skrini shusha nusu, na wakae mbali na dirisha. Chaji iwe kamili tangu asubuhi kwa kuwa darasani huna soketi.

Na hiyo kamera usiichukie. Kila kikundi kipige picha ya sakiti iliyowaka kabla ya kuibomoa, kisha mchoraji achore mchoro wa alama akiitazama picha. Waya halisi zimejikunja, mchoro una mistari iliyonyooka. Kutoka kimoja kwenda kingine ndiko watoto wengi wanakopotea, na picha inawapa muda wa kufuata kwa kidole.

---

mwl_darasa5

Asanteni sana, hapa nimepata mpango mzima. Bado limau. Kitabu nilicho nacho kina mchoro wa limau moja na balbu ya tochi inayowaka. Na pia mtu dukani ameniambia kuna betri za kidonge za volti 3, LED inabana juu yake bila waya wala rizista. Zinaonekana rahisi zaidi?

---

bi_nukta

Betri za kidonge usizipeleke darasa la watoto. Kweli LED inawaka ukiibana tu juu ya betri ya kidonge ya CR2032, kwa sababu betri yenyewe ina ukinzani wa ndani unaozuia mkondo usizidi. Tatizo ni kwamba inamezeka. Ikikwama kooni, umeme wake unazalisha kemikali inayounguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Watoto 68, vidonge 17 vinavyong'aa mezani, na wadogo zao nyumbani: hapana. Ikitokea mtoto amemeza, ni hospitali papo hapo, hakuna kusubiri itoke yenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo ya usalama, betri za simu na za taa za sola zisiguswe, wala betri yoyote isipasuliwe. Hata kwenye D, chukua za kawaida za zinki na kaboni, si alkalaini. Zikipigwa shoti mkondo wake ni mdogo kuliko wa alkalaini. Usichanganye kuukuu na mpya kwenye kishikio kimoja, na iliyoanza kuvuja itupe.

Kuhusu limau: mchoro huo si sahihi. Limau moja lenye zinki na shaba linatoa karibu volti 0.9, na mkondo wake hata miliamperi moja haufiki. Balbu inataka miliamperi 300. Haitawaka kwa limau moja, wala kwa kikapu kizima likifungwa mojamoja kwa mfuatano.

LED nyekundu ndiyo itawaka, kwa malimau manne mfuatano. Zinki ipate kwenye misumari ya bati, ile ya kuezekea, maana imepakwa zinki; msumari wa kawaida wa mbao ni chuma kitupu na volti yake inashuka. Shaba ni kipande cha waya wa nyumba kilichomenywa sentimita 4. Bingirisha limau mezani kwa kiganja mpaka lilainike ili maji yatoke kwenye vifuko vyake. Msumari na waya viwe umbali wa sentimita 2, visigusane ndani. Unganisha shaba ya limau la kwanza na msumari wa la pili, na kuendelea. Shaba ya mwisho iende mguu mrefu wa LED, bila rizista safari hii. Mwanga ni hafifu mno, utazame ndani ya mikono iliyokunjwa au chini ya kanga. Lifanye moja mbele, kwa darasa zima. Yale malimau yatupwe, yasikamuliwe kwenye mboga, kwa kuwa zinki imeyeyukia ndani.

---

mwalimu_pwani_ke

Salamu kutoka Kilifi. Huku kwetu Gredi ya 5 tunakutana na shida ileile ya idadi. Naongeza mawili.

La kwanza, kwa wenye simu: programu ya phyphox, iliyotengenezwa chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ni bure na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Inasoma vihisi vya simu, kikiwemo cha mwanga, kwa kipimo cha laksi. Kihisi kiko juu ya skrini karibu na kamera ya mbele. Weka balbu upande mmoja wa ule mrija wa ndani wa karatasi ya chooni, simu upande wa pili, ili mwanga wa dirisha usiingie. Watoto wapime balbu moja kwa betri mbili, halafu balbu mbili mfuatano, wakipima moja kati yao. Wengi watatabiri nusu. Namba itakuja chini sana ya nusu, maana uzi uliopoa hutoa joto zaidi kuliko mwanga. Vishikwambi vingi vya bei nafuu havina kihisi hicho na programu itakuambia hakipo, kwa hiyo tumia simu ya mwalimu. Umbali usibadilike kati ya vipimo viwili, la sivyo unapima umbali.

La pili, kama shule au klabu inaweza kupata micro:bit (kadi ndogo ya kompyuta ya kufundishia) moja tu, inatosha darasa zima kwa jambo moja: duara la kushikana mikono. Andika programu ya vitalu kwenye MakeCode, mahali pa kuandikia programu za micro:bit: ndani ya kitalu cha kurudia daima, kama pini P0 (sehemu ya kugusia kwenye ukingo wa kadi) imebonyezwa onyesha moyo, la sivyo futa skrini. Usitumie kile cha "pini ikibonyezwa" peke yake, kinasubiri mpaka mkono uachie ndipo kifanye kazi. MakeCode ina programu ya kusakinisha kwenye Windows isiyohitaji intaneti, faili la .hex unalinakili kwenye kiendeshi kinachoitwa MICROBIT.

Klipu ya mamba moja kwenye P0, nyingine kwenye GND (pini ya upande wa hasi). Mtoto wa kwanza ashike ya P0, wa mwisho ya GND, wengine katikati washikane mikono. Moyo unatokea. Wawili wowote wakiachiana, moyo unazimika. Kwa toleo la V2 la mwaka 2020, hakikisha pini haijawekwa kuhisi mguso bila GND, vinginevyo moyo utatokea hata duara likiwa wazi na somo lote limeharibika. Tumia kifuko cha betri mbili za AAA, si waya wa kompyuta iliyo kwenye chaji. Mikono mikavu inaweza kukataa, walowe kidogo. Na waambiwe waziwazi: hizi ni volti 3, soketi ya ukutani inaua.

Kisha tumia klipu hizohizo kupima jani bichi, msumari, ncha ya penseli, kijiko cha plastiki, maji ya bomba. Jani na maji vitapita kwa micro:bit lakini haviwashi balbu ya tochi. Waulize kwa nini. Jibu liko kwenye kiasi cha mkondo: moja inaridhika na mkondo mdogo mno, nyingine inadai miliamperi 300. Mwanafunzi aliyefikia hapo ameacha kugawa dunia kati ya "vinavyopitisha" na "visivyopitisha" pekee.

---

mwl_darasa5

Mwalimu wa Kilifi, hilo la duara nalichukulia klabu ya sayansi. Swali la mwisho: nawapimaje? Mtihani wa kuandika utanionyesha nani anakumbuka mchoro, si nani anaweza kuunga.

---

fundi_sayansi

Wape sakiti mbovu. Wiki ya tatu tengeneza tano, kila moja na kosa moja tu, uziandike A hadi E. A: betri mbili zimetazamana chanya kwa chanya, volti zinafutana. B: swichi ya klipu yenye plastiki. C: waya zote mbili ziko kwenye skrubu ya balbu, nukta ya chini haina kitu. Hii ni shoti, kwa hiyo iache swichi wazi na uwaambie waikague kwa macho kwanza. D: foili imechanika chini ya selotepu, haionekani mpaka uibonye. E: balbu imeungua.

Kila kikundi kinapata moja kwa dakika tano, kisha inasogea meza ya pili. Tano hazitoshi vikundi 17, kwa hiyo tengeneza seti tatu, na vile viwili vinavyobaki vianze kwa kuchora. Wapewe balbu moja nzima ya kupimia na waya mmoja wa ziada. Usiwape alama kwa kuiwasha tu. Alama mbili kwa kutaja mahali pa kosa, mbili kwa kueleza kwa nini haiwaki, moja kwa kuirekebisha. Mkaguzi ndiye azungumze, si mjenzi, na wewe ndiye uchague nani awe mkaguzi.

Utakachokiona kwenye karatasi zao: kikundi kilichoelewa kinaunganisha waya wa ziada kuruka sehemu moja baada ya nyingine mpaka balbu iwake. Kisichoelewa kinabadilisha balbu, halafu betri, halafu kinaita mwalimu. Hivyo vya pili ndivyo virudi kwenye betri moja, balbu moja na waya mmoja, dakika kumi, kabla hujafunga mada.

Mwisho wa siku toa betri zote kwenye vishikio. Zikikaa humo na foili hadi muhula ujao zitavuja, na utanunua upya betri 34.